Maji ya Mwisho Ndiyo Yanayoacha Alama



Leo nataka kuzungumza juu ya jambo ambalo huenda likawashangaza baadhi yenu kulikuta katika safu hii, nalo ni namna ya kulikausha gari baada ya kuliosha na kuihifadhi rangi yake. Msiharakishe kufungua ukurasa mwingine. Jambo hili lilinigharimu fedha, na kabla ya fedha lilinifanya nimdhulumu mtoto wangu mwenyewe kwa maneno.

Tulikuwa na gari dogo la rangi ya buluu iliyoiva, tulilolinunua likiwa limekwisha kutumika, kama yalivyo magari mengi ya nyumba zetu. Kwa miaka mitano mwanangu wa tatu ndiye aliyekuwa akiliosha kila Ijumaa, yapata saa tano za asubuhi, ili twende msikitini likiwa safi. Maji aliyateka katika kisima cha uani. Alikuwa akiosha kwa bidii, hata matundu ya magurudumu hakuyasahau. Nami ndiye niliyempa amri, na kila wiki niliirudia: ukishamaliza kumwaga maji ya mwisho liache, usipoteze wakati kulifuta, jua la Mombasa litalifuta bure.

Mwaka jana ilitubidi tuliuze ili tulipe karo ya chuo ya dada yake. Akaja mnunuzi, akalizunguka gari mara mbili, kisha akapitisha kiganja juu ya boneti. Palikuwa na madoa meupe ya duara, mamia kwa mamia, mithili ya mtu aliyenyunyiza maji ya chokaa. Akaniambia, "Sheikh, injini ni nzuri, lakini rangi imechoka. Kwa rangi peke yake nitakupunguzia shilingi 40,000." Nikamgeukia kijana wangu mbele ya mgeni nikamwambia, "Umeiona kazi yako?" Akainamisha macho, hakujibu neno. Adabu ilimzuia kunikumbusha amri ilikuwa ya nani.

Jioni mama watoto alitoka uani, akainama juu ya boneti, akakwangua doa moja kwa ukucha. "Baba watoto," akaniita, "njoo utazame. Huu si uchafu. Hiki ndicho ninachokikwangua kila mwezi katika birika la chai."

Alisema kweli, na kesho yake fundi mmoja wa rangi alithibitisha maneno yake. Alimimina siki kidogo kwenye kitambaa, akakilaza juu ya madoa, akangoja kidogo, kisha akafuta. Baadhi ya madoa yakaondoka, mengine yakabaki. Akaniambia, "Gari hili limeoshwa vizuri sana, Sheikh. Tatizo ni kwamba halikufutwa."

Kwa nini tone la maji huacha doa

Mji wetu wa Mombasa umekaa juu ya mwamba wa matumbawe, na mwamba huo asili yake ni chokaa. Ndio ule ule ambao wazee wetu waliukata wakajengea nyumba na misikiti, na wakauchoma wakapata chokaa ya kupakia kuta. Maji ya mvua yanapopenya ardhini huchukua gesi ya kaboni iliyomo udongoni, yakawa na ukali kidogo, na kwa ukali huo huyayusha chokaa ya mwamba. Ndiyo sababu maji ya visima vingi vya pwani ni mazito: sabuni haitoi povu upesi; na ya visima vilivyo karibu na bahari huwa na ladha ya chumvi. Maji ya bomba nayo hayakosi madini, ila aghalabu huwa ni afadhali kuliko ya kisima kilicho karibu na bahari.

Jua linapolikausha tone la maji hayo, huondoka maji tu. Chokaa na chumvi haziruki kwenda juu; hubaki pale pale, tena hujikusanya zaidi kwenye ukingo wa tone, na ndipo ikaonekana ile duara nyeupe. Wiki ya pili tone jingine huja juu ya lile la kwanza. Bati la gari likiwa limepata moto, kazi hiyo hwenda kwa kasi, na yale madini huanza kuila rangi yenyewe.

Na rangi yenyewe si nene kama tudhaniavyo. Magari mengi ya zama hizi yana tabaka kadhaa: ya kuzuia kutu, ya kushikiza rangi, ya rangi yenyewe, na juu yake tabaka angavu isiyo na rangi, ambayo ndiyo itoayo mng'ao. Tabaka hiyo angavu kwa kawaida ni baina ya mikroni 35 na 50, yaani ni nyembamba kuliko unywele mmoja wa kichwa kwa watu walio wengi. Ikishaliwa, hakuna sabuni itakayoirudisha. Doa lililo juu yake hufutika; lililokwisha kuchimba ndani halitoki ila kwa kusugua na kupunguza tabaka yenyewe. Sasa mwaelewa kwa nini siki ya fundi iliondoa baadhi ya madoa na mengine yakakataa.

Wakati na mahali

Lioshe gari mapema, baada ya sala ya alfajiri hadi yapata saa mbili, au jioni jua likishapungua nguvu. Liweke kivulini, lakini si chini ya mwembe wala mti wenye kunguru, kwani utomvu na kinyesi cha ndege vitakuharibia kazi kabla hujaimaliza. Kabla ya kuanza, weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa ina moto, ngoja. Juu ya bati lenye moto, maji na sabuni hukauka kabla hujafika upande wa pili, na hapo ndipo huzaliwa ile michirizi.

Katika kuosha sitarefusha. Tumia ndoo mbili, moja ya maji ya sabuni na nyingine ya kusuuzia kitambaa. Anza juu ushuke chini, na magurudumu yawe na kitambaa chake. Usitumie sabuni ya unga ya kufulia wala ya kuoshea vyombo, kwa maana huondoa nta na kuiacha rangi ikiwa tupu. Suuza vizuri, kwani sabuni iliyobaki ndiyo sababu ya kwanza ya michirizi.

Kwa wenye visima, nina shauri moja dogo lenye faida kubwa: wekeni ndoo moja ya maji ya mvua kwa suuzo la mwisho. Maji ya mvua yaliyotegwa kwenye tangi safi yana madini machache mno. Osheni kwa ya kisima na mmalizie kwa ya mvua, mkiyamimina kwa jagi polepole kuanzia paani. Mwenye mpira naye auondoe ule mdomo wa kunyunyizia, aache maji yatiririke taratibu kutoka juu. Maji yakishuka kama shuka moja huyabeba matone mengi, na kazi ya kukausha huwa nusu. Wala asiuache mpira wazi chini huku akisugua. Penye msukumo mzuri, dakika 10 zatosha kumwaga lita 100 au zaidi, na hiyo ni israfu katika mji ambao jirani ananunua maji kwa mtungi.

Kukausha

Kitambaa kinachofaa ni taulo la mikrofaiba, lenye nyuzi nyembamba mno zinazofyonza maji mengi na kulishika vumbi ndani yake badala ya kulikokota juu ya rangi. Yatakiwa mawili: kubwa nene la mpito wa kwanza, na jingine dogo la kumalizia. La tatu, la zamani, liwe la sehemu za chini, milangoni na magurudumuni.

Najua wengi hutumia fulana iliyochakaa au kanga kuukuu. Kanga ina heshima yake na mahali pake, dada zangu, na mahali pake si juu ya boneti. Hainywi maji ya kutosha, huyasukuma tu huku na huku, na pindo lake, kama ulivyo mshono wa fulana, huacha mikwaruzo myembamba inayoonekana jua likipiga.

Anza na paa, kisha vioo, boneti, buti, halafu mbavu za gari kutoka juu kwenda chini. Lilowanishe taulo kidogo na ulikamue kabla ya kuanza. Likiwa kavu kabisa huchelewa kunywa. Lifungue, lilaze juu ya bati, kisha livute kwako taratibu kwa mstari ulionyoka. Usikandamize na usizungushe mkono kwa duara. Likijaa maji, likamue. Taulo lililojaa halikaushi, bali lapaka maji upya. Kisha pitisha lile dogo, lililokunjwa mara nne, ukigeuza upande kila upande mmoja unapolowa.

Vioo vipewe kitambaa chao. Nje futa kwa kulala, ndani futa kwa kusimama. Ukiona mchirizi baadaye, mwelekeo wake utakuambia uko upande gani wa kioo, wala hutahangaika kufuta pande zote mbili.

Kazi haijesha hapo. Maji hujificha kwenye vioo vya pembeni, vishikio vya milango, taa, kibao cha namba na kifuniko cha mafuta, kisha dakika 5 baadaye huchuruzika na kuacha mistari juu ya kazi iliyokwisha. Fungua milango yote na buti, ufute kingo zake. Kisha liendeshe gari polepole mtaani kwa dakika chache, maji yaliyojificha yatoke na breki nazo zikauke. Ukirudi, futa yaliyotoka.

Taulo likianguka chini, liweke kando hadi lifuliwe. Mchanga wetu wa pwani ni mgumu kuliko rangi ya gari, na chembe moja iliyonasa katika nyuzi yatosha kuchora mstari kutoka taa hadi kioo. Mataulo haya yafuliwe peke yake, yasichanganywe na nguo za pamba zinazotoa nyuzi, wala yasitiwe dawa ya kulainisha nguo, kwani dawa hiyo huziba nyuzi zake, nalo likawa halinywi tena na kuanza kuacha michirizi. Yaanikwe kivulini na yasipigwe pasi.

Na mwenye kuwapelekea vijana wa barabarani gari lake, si vibaya akachukua mataulo yake mwenyewe na kuwaomba kwa upole wayatumie. Mara nyingi kitambaa kilichofuta magurudumu ya gari lililotangulia ndicho kitakachofuta paa la lako.

Kuihifadhi rangi

Rangi ikishakauka na kuwa safi, ipake kinga. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wa rangi ya gari huzibwa kwa kikopo kidogo cha nta.

Nta iliyo mashuhuri ni ile iitwayo carnauba. Hutoka katika majani ya mti wa jamii ya mnazi uotao kaskazini mashariki mwa Brazil, ambao hujifunika kwa nta ili jua kali lisiukaushe. Kwa joto letu, nta hiyo huweza kudumu mwezi mmoja hadi mitatu. Zipo kinga za kutengenezwa kiwandani ambazo hudumu miezi kadhaa zaidi, na zipo zile za aina ya kauri zinazoweza kudumu mwaka au zaidi, ila hizo zina gharama na hutaka rangi iandaliwe kwa uangalifu mkubwa, kwani kila doa utakaloliacha chini yake litafungiwa humo. Kwa gari la familia, nta ya kawaida inayopakwa kila baada ya miezi miwili yatosha. Msiache kupaka kabla ya jua la kaskazi na kabla ya mvua za masika.

Ipakwe kivulini, juu ya bati lililopoa, sehemu moja baada ya nyingine, tena kidogo. Wengi hudhani nta nyingi ni kinga nyingi. Kumbe inayozidi haishiki, na kuifuta ni taabu, nayo huacha ukungu na michirizi. Ingoje ipauke kama maelekezo ya kopo yasemavyo, kisha iondoe kwa taulo safi kavu. Usiiguse plastiki nyeusi isiyopakwa rangi, maana huacha alama nyeupe isiyotoka kwa urahisi. Ukitaka kujua kama kinga bado ipo, mwagia maji: yakijikusanya kuwa vitone vya duara vinavyoteleza, ipo; yakitandaa na kulala, wakati wa kupaka umefika.

Nta huwapa maji na uchafu kitu kingine cha kula kabla ya rangi, lakini haikuondolei kazi ya kukausha. Tone la kisima likikauka juu ya nta nalo huacha doa, ila doa hilo hutoka.

Madoa yaliyokwisha kuingia

Kwa madoa mapya, changanya siki nyeupe na maji safi, sawa kwa sawa. Jaribu kwanza mahali pasipoonekana. Bati likiwa limepoa, lowanisha kitambaa, kilaze juu ya doa kwa dakika moja au mbili, futa pole pole, suuza kwa maji mengi, kausha, kisha upake nta upya, kwani siki huidhoofisha. Usirudie mara kumi. Doa lisilotoka kwa mara mbili limekwisha kuchimba, na hilo ni la fundi mwenye mashine na mkono mwepesi.

Kunguru wetu nao wana hesabu yao. Kinyesi cha ndege kikipigwa na jua huila rangi kwa muda mfupi, pengine siku hiyo hiyo. Weka chupa ya maji na kitambaa ndani ya buti. Kilowanishe, ngoja kilainike, kisha kiinue. Usikisugue kikiwa kikavu, kwani ndani yake mna mchanga na mbegu.

Na mkirudi kutoka ufukweni, au gari likirushiwa maji ya bahari kwenye kivuko cha Likoni, lisuuzeni siku hiyo hiyo kwa maji baridi yasiyo na chumvi, pamoja na uvunguni na ndani ya matao ya magurudumu. Chumvi huvuta unyevu wa hewani, na unyevu huo hukaa na bati usiku kucha. Kutu ya pwani aghalabu huanzia pale tusipopatazama.

Nirudi kwa gari letu. Fundi alisugua boneti na paa, madoa mengi yakapungua, mengine yamebaki hadi leo kwa huyo aliyelinunua, nami nilimwonyesha moja moja kabla ya kupokea fedha zake. Mwishowe tulipunguza shilingi 20,000 badala ya 40,000, na karo ikalipika kwa msaada wa mjomba wake binti.

Lakini deni langu jingine halikuwa la mnunuzi. Usiku ule ule mama watoto aliponionyesha doa la birika, nilimwita kijana wangu barazani, mbele ya mama yake na ndugu zake, kwa kuwa nilimvunjia heshima mbele ya mtu. Nikamwambia kwamba kosa lilikuwa langu, kwamba alitii amri mbaya kwa uaminifu, na kwamba namwomba anisamehe. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Baba, mimi nilikuwa nikiyaona yale madoa tangu mwaka wa pili. Niliogopa kukwambia."

Neno hilo liliniuma kuliko zile shilingi. Mtoto aliona tatizo kwa miaka mitatu, na nyumbani kwangu hakupata mlango wa kulisemea.

Sasa tuna gari jingine, dogo zaidi, la mama watoto la kupeleka watoto madrasa. Kijana huliosha Jumamosi baada ya alfajiri. Yeye hushika taulo kubwa, mimi hushika lile dogo, yeye upande wa kulia nami upande wa kushoto, na kazi haizidi robo saa. Humo katika robo saa hiyo amenieleza mengi ambayo sikuwa nikiyajua.

Wiki ijayo, in shaa Allah, tutaingia ndani ya gari: viti vya kitambaa, maziwa yaliyomwagika na harufu isiyotoka. Akina mama wenye njia zao zilizojaribiwa watuletee, nasi tutazichapisha.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum.